Pikipiki Kubwa na Bima ya Ile Ndogo

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyobana breki kwa nguvu zangu zote na pikipiki ikazidi kukimbia. Ilikuwa Kalerwe, karibu na soko, na mbele yangu palikuwa na mtu anayesukuma pedeli za baisikeli iliyobeba mikungu mitatu ya matoke. Nitakueleza yote, hata yale ninayoyaonea haya, kwa sababu nimesikia umefaulu mtihani wa pikipiki kubwa na tayari unazunguka madukani kutafuta ya kununua. Hongera sana. Sasa kaa kwanza, duka halihami.

Mimi Zaituni unayeniona na magongo haya mawili nilikuwa mkunga. Baba yangu alikuwa askari, na baba yake alikuwa askari, Wanubi wa Old Kampala, katika nyumba ambayo Kiswahili kilikuwa kinasemwa hata kabla ya salamu ya asubuhi. Kazi yangu ilikuwa katika zahanati ndogo ya Kamwokya, na Waganda walikuwa wakiniita Musawo, kama wanavyomwita kila mtu anayetibu. Enzi zile zilikuwa enzi za wanajeshi. Sukari ilikuwa ya magendo, sabuni ya magendo, na tairi usiniulize. Mtu akitoka asubuhi, wa nyumbani walikuwa wakihesabu saa mpaka arudi. Lakini watoto hawaulizi nani anatawala, wanazaliwa tu, na mkunga anayekwenda kwa miguu huwa anafika mama ameshajifungua na kunywa uji. Ndiyo maana nikajifunza kuendesha ile pikipiki ndogo ya pedeli, yenye injini ya kunguruma kama cherehani. Leseni yangu ilikuwa ya pikipiki ndogo, bima yangu ilikuwa ya pikipiki ndogo, na mambo yalikwenda.

Wanawake tulikuwa tumekatazwa suruali, na sketi fupi pia. Basi mimi nilivaa gurbaba, lile vazi letu la Kinubi la kujifunga, nikalishonea vifungo upande mmoja mpaka kwenye kifundo cha mguu ili upepo usinivunjie heshima. Askari wa vizuizini walikuwa wakicheka wakiniona kwa mbali. Nikifika karibu wanaona mkoba wa ukunga, wananyamaza, wananipisha. Wawili kati yao nimewazalishia wake zao kwa mikono hii. Nakwambia haya ili ujue unaongea na nani.

Miaka minne ilipopita nikachoka. Ile ndogo ilikuwa haipandi kilima mpaka niisaidie kwa pedeli, na mimi ni mtu mzima mwenye mkoba. Nikamwendea Mzee Farajala. Huyu alikuwa sajenti mstaafu wa polisi wa barabarani, rafiki wa marehemu baba, na nusu ya madereva wa kilima chetu alikuwa amewafundisha yeye. Mara ya kwanza alinikatalia. Mara ya pili akaniambia nilete maji ya kunywa ya kutosha, maana jua litakuwa kali. Kila Jumapili kwa muda wa miezi miwili alinizungusha katika uwanja wa shule, na sikumbuki hata siku moja alinisifu.

Siku ya mtihani tulikuwa watu wanne. Askari mtahini aliwazungusha wanaume mara moja moja, na mimi akanizungusha mara tatu, akitafuta kosa. Wanaume watatu walianguka. Mimi nilipita. Sikuwahi kumwona mwanamke mwingine mwenye leseni ile mjini Kampala kabla yangu, na kama alikuwepo, basi anisamehe, mimi sikuonana naye. Nilitoka pale nikiwa nimenyoosha shingo, na sioni aibu kusema kwamba nilijivuna, kwa sababu leseni ile nilikuwa nimeitafuta kwa jasho.

Pikipiki yenyewe, ya injini kubwa, nilikuwa nimeshaipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamia Jinja. Mzee Farajala aliizunguka, akaigonga tairi kwa kiatu, kisha akanitazama.

"Zaituni, sikia. Karatasi ni tatu. Leseni, kadi ya pikipiki, bima. Yote tatu iseme kitu moja. Wewe nakwenda ofisi ya bima kwanza, nyumbani baadaye."

Nikasema ndiyo, Afande. Halafu nikapita mbele ya ofisi ya bima bila kusimama. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona hata karani, Bwana Ssali, anafuta vumbi mezani kwake.

Kwa nini sikusimama? La kwanza ni majivuno: wanawake wa Kamwokya walikuwa wananingoja, na nilitaka wanione. La pili ndilo lenye mafunzo. Mama yangu alikuwa kiongozi wa munno mukabi, ndivyo Waganda wanavyokiita chama cha majirani cha kusaidiana wakati wa shida. Ukishaandikwa jina lako mle, umeandikwa. Ukifiwa, watu wanakuja na masufuria yao, mikeka yao na kuni zao. Hawakuulizi umehamia nyumba gani, wala kama umebadilisha mume. Wanachojua ni kwamba Fulani ni wetu. Nilikulia ndani ya chama hicho, nikadhani bima nayo ni hivyohivyo. Jina langu liko katika kitabu chao, nikasema, Zaituni ni Zaituni, awe juu ya pikipiki ndogo au juu ya ngamia. Nikachukua wembe, nikabandua kile kijikaratasi cha bima kwenye ile ndogo, nikakibandika kwenye kubwa kwa uji wa muhogo. Namba iliyoandikwa pale ilikuwa ya ile ndogo, lakini nani anasoma namba? Ile ndogo nikaiegesha uani, nikaifunika gunia.

Siku tisa nilitembea hivyo, mwanangu. Siku tisa za raha.

Siku ya kumi nilikuwa natoka kuzalisha Kalerwe. Mtoto mzuri wa kike, mama mzima, na mimi nashuka barabara moyo umejaa. Msafara wa magari ya jeshi ukatokea nyuma yetu, na enzi zile msafara ukija barabara nzima inakimbilia mtaroni. Yule mtu wa baisikeli alikata kushoto, akaja mbele yangu. Nikabana kwa mkono wa kushoto kwa nguvu zote. Kwenye pikipiki ndogo, mkono wa kushoto ndiyo breki ya nyuma. Kwenye kubwa, mkono wa kushoto ni klachi. Mzee Farajala alikuwa amenizoeza jambo hilo kila Jumapili kwa miezi miwili, lakini hofu haikumbuki mafunzo ya miezi miwili, inakumbuka ya miaka minne. Mazoea yana taabu. Injini iliachia, pikipiki ikateremka kama mtoto aliyeponyoka mkononi, nikamgonga.

Mimi nilichubuka viwiko. Yeye mguu ulivunjika chini ya goti, nikauona ulivyopinda kabla hata sijainuka. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye ambaye sikusikia, na guu lililovunjika likawa la mwenzangu. Mpaka leo methali hiyo ikitajwa mbele yangu moyo unaniuma.

Nilimfunga vibao viwili vya sanduku la nyanya kwa kipande cha gurbaba yangu, kazi safi, daktari wa hospitali aliisifu baadaye. Msafara ulikuwa umeshapita. Sokoni hapakuwa na mtu hata mmoja aliyetaja msafara. Watu walituokotea ndizi kimya kimya, wakatupakia kwenye gari la kabichi. Jina lake lilikuwa Kasule, na kazi yake ilikuwa hiyo moja: kuchukua matoke kwa wakulima alfajiri na kuwapelekea wanawake wa sokoni wanaomtegemea. Njiani aliniuliza swali moja tu, kama nina bima. Nikamwambia ninayo, asiwe na wasiwasi. Nilikuwa naamini kabisa.

Mchana nikaenda kwa Bwana Ssali. Akafungua faili langu, akasoma, akaangalia kijikaratasi nilichokibandua tena kutoka kwenye ile kubwa, akakilinganisha na kadi ya pikipiki, akavua miwani. Alinieleza kwa upole kwamba wao walikubali kubeba pikipiki fulani, yenye namba fulani na injini ndogo, ikiendeshwa na mtu wa leseni ndogo. Hii kubwa hawaijui. Kumgonga mtu na pikipiki isiyo na bima ni mahakamani, na mahakama huenda ikaninyang'anya leseni, pengine moja kwa moja. Mambo mengine yote ningeyavumilia, lakini leseni ile ilikuwa mikono yangu na miguu yangu. Bila leseni nilikuwa narudi kuwa mkunga wa kufika uji umeshanywewa.

Bwana Ssali hakuwa mtu mbaya, na sitaki umhukumu. Aliinuka akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba polisi hawajaandika kitu bado. Ile ndogo si ipo nyumbani? Basi niseme nilikuwa na ile ndogo. Niivunje taa kidogo, niipeleke kituoni, na kijikaratasi chake kirudi mahali pake. Kasule atatibiwa, mimi nitabaki na leseni yangu, na hakuna atakayeumia.

Mwanangu, nilirudi nyumbani na wazo hilo na lilikuwa tamu. Nikafunua gunia. Nikatafuta jiwe. Nilikuwa nimelishika, nimeinama mbele ya taa, Mzee Farajala akaingia uani kunipa pole, maana habari ya ajali ilikuwa imemfikia. Alitazama jiwe, akatazama taa. Miaka thelathini ya polisi, hakuhitaji kuelezwa. Akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

Aliniacha niseme yangu yote: munno mukabi, leseni, ushauri wa karani, na kwamba kwa njia hii hata Kasule anapata matibabu. Nilipomaliza akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzee huu.

"Wewe naambia watu ya bima, mimi nafuga mbuzi. Wao nakubali, nachunga mbuzi. Sasa wewe nafungua mlango, naingiza ng'ombe, hapana sema kwa mtu. Ng'ombe navunja ukuta, wewe nataka kulia mbuzi ndiyo navunja?"

Akaendelea, na sauti yake haikupanda.

"Na yule Kasule, wao nakwenda kumuliza. Pikipiki gani? Yeye nasema kubwa, wewe nasema ndogo. Siku hizi mtu nasema uongo mbele ya serikali, unajua nakwenda wapi? Wewe navunja mguu yake. Sasa nataka kuvunja na shingo."

Hilo sikuwa nimelifikiria kabisa. Nilikuwa nimefikiria leseni yangu tu. Katika nyakati zile watu walikuwa wakichukuliwa kwa neno dogo kuliko hilo na hawakurudi, na mimi nilikuwa karibu kumtumbukiza humo mtu aliyelala hospitali akinitegemea. Jiwe nikaliweka chini. Nililia, sikufichi. Mzee hakunibembeleza. Alinisubiri nimalize, kisha akasema atanisindikiza kituoni kesho, lakini kwanza niende kwa mwenye mguu.

Nilikwenda jioni ile ile. Nikamwambia Kasule kwamba nilimdanganya bila kujua: bima ninayo, lakini ni ya pikipiki nyingine, na haitamlipia kitu. Nikamwambia mzigo huo nitaubeba mimi. Aligeukia ukutani, hakunijibu. Nilikaa pale kidogo, nikambadilishia maji ya kunywa, nikaondoka.

Kituoni nilisema kama ilivyokuwa, Mzee Farajala amesimama nyuma yangu na koti lake la zamani. Pikipiki kubwa ikafungiwa mpaka kesi isikilizwe. Sasa swali lilikuwa Kasule. Kumtibu nilijua, bandeji ni kazi yangu, lakini familia ingekula nini na mtu wa kubeba matoke amelala? Wale wanawake wa sokoni wangetafuta mwingine, na akipona angekuta nafasi yake ina mtu. Ndipo nikaamua nitabeba mimi. Alfajiri kabla ya zahanati, kwa ile pikipiki ndogo, mkungu mmoja mmoja.

Lakini safari hii kabla ya kuwasha injini nilikwenda kwa Bwana Ssali, nikamwuliza kama bima ya pikipiki ndogo inamruhusu mkunga kubeba ndizi. Alinitazama kama mtu aliyeona ajabu. Kuuliza si ujinga, nikamwambia. Akacheka mpaka akafuta macho, kisha akafungua faili, akasoma, akasema hairuhusu mizigo ya biashara, akaniandikia nyongeza na kuigonga muhuri. Nikaisoma yote pale pale, yeye akiningoja. Sijawahi kusoma barua ya mapenzi kwa makini namna ile.

Wiki saba, mwanangu. Wiki saba wachuuzi wa Kalerwe walimwona Mnubi wa gurbaba anawashushia matoke, na hawakukosa hata siku moja. Walinitania sana. Wengine walisema Musawo siku hizi anazalisha ndizi. Nikawaacha waseme. Kila mkungu nilimwambia aliyeuchukua kwamba ni wa Kasule, na kila jioni nilipomfunga bandeji nilimweleza nani amechukua nini. Wiki ya tatu alianza kunijibu. Wiki ya tano alinikosoa, akasema nilikuwa nachagua mikungu iliyokomaa mno.

Siku ya kesi nilivaa gurbaba yangu mpya na leseni ikiwa ndani ya mkoba wa ukunga. Nilipoulizwa kosa, nilikubali. Hakimu alikuwa mtu mkavu wa uso. Akasema mwanamke kupewa leseni ya pikipiki kubwa lilikuwa jambo la kushangaza tangu mwanzo, na matokeo yameonekana. Nilijua basi, imekwenda. Halafu akauliza kama aliyeumizwa ana neno, na nyuma kule nikasikia gongo linagonga sakafu.

Kasule alikuja mpaka mbele. Nilikuwa sijamwomba kuja.

"Sebo," alimwambia hakimu kwa heshima ya Kiganda, "huyu Musawo alinivunja mguu, ni kweli. Lakini yeye mwenyewe alikuja hospitali kuniambia karatasi yake ni mbaya. Mimi nisingejua. Mimi sijui kusoma. Siku hizi nani anakuja kukuambia ukweli wakati uongo ungemfaa? Mkimnyang'anya leseni, watakaobaki barabarani ni wale wasiosema."

Maneno ya namna hiyo yalikuwa hayasemwi hadharani enzi zile. Mimi nilimhofia yeye zaidi ya nilivyojihofia. Hakimu akachukua kalamu. Kisha akaandika. Nilitozwa faini, nikaamriwa kumtunza Kasule mpaka atakapotupa gongo, na kosa langu likaandikwa ndani ya leseni kwa wino mwekundu. Leseni yenyewe akanirudishia mkononi.

Ile ninayo mpaka leo. Watu wengine wakipata alama kama ile huomba kitabu kipya ili waufiche ukurasa ule. Mimi nimewaonyesha ukurasa huo watoto wangu, wajukuu, na kila kijana aliyeniletea habari za pikipiki. Ile kubwa ilipoachiliwa niliikatia bima yake, nikaiendesha miaka kumi na minne baada ya hapo, kwenye matope, vizuizini na hata katika siku za vita, na hakuna mstari mwingine ulioandikwa chini ya ule mmoja. Naziheshimu leseni safi za watu, lakini ya kwangu naijivunia zaidi.

Basi sikiliza, mwanangu. Bima haikuandikwa kwa ajili ya uso wako. Wale watu wamekubali kubeba chombo fulani, injini fulani, na mtu wa leseni fulani kwa kazi fulani. Ukibadilisha kimoja tu, waambie siku hiyo hiyo, kabla hujawasha. Umepata leseni mpya, waambie. Umenunua kubwa, wape namba yake na ukubwa wa injini, uwaulize na ile ndogo uliyoiacha uani itakuwaje, maana ukimwazima mtu akagonga nayo, utakayeulizwa ni wewe. Subiri karatasi mkononi. Neno la karani la kwamba yatakuwa sawa si karatasi. Isome, na usipoelewa mtu akusomee, halafu uilinganishe na leseni na kadi mpaka zote tatu ziseme kitu kimoja. Na mikono yako nayo ipe muda. Tafuta uwanja mtupu, ifundishe mpaka hofu yenyewe ijue breki iko wapi. Ukikosea, maana utakosea, nenda kwanza kwa yule uliyemuumiza, halafu ndiyo uende kwa serikali. Usiende kwanza kutafuta jiwe.

Mungu akupe kilima chenye upepo mzuri na injini isiyochoka. Akuepushe na miguu ya watu, na miguu ya watu iepushwe nawe. Na siku utakayokuwa na kosa, akupe moyo wa kulisema, na akuletee mtu kama Kasule, atakayetembea kwa gongo kuja kusimama upande wako.